Kitenzi Hakikukosa: Tahajia ya Kihispania Mbele ya Sikio na Jicho

Utangulizi

Kuna kesi moja ya zamani katika sarufi ya Kihispania ambayo kwa maoni yangu imehukumiwa vibaya, na makala haya ni rufaa. Washtakiwa ni vitenzi kama sacar (toa), pagar (lipa), empezar (anza), coger (chukua) na vencer (shinda). Shtaka ni kwamba vikiingia katika hali ya kutaka, kuomba, kuamuru au kutilia shaka, ile hali ambayo sisi kwa Kiswahili tunaitambua kwa kiishio -e (alipe, aanze, ashinde), vinabadilisha herufi za mzizi wake. Sacar inakuwa saque, pagar inakuwa pague, empezar inakuwa empiece, coger inakuwa coja, vencer inakuwa venza. Vitabu vingi vya kufundishia wageni vikishaona hivyo huvitupa vitenzi hivi katika kapu moja na vile visivyofuata kanuni, kisha mwanafunzi anapewa orodha akariri. Anakariri, anafanya mtihani, anasahau. Mchezo umekwisha.

Nina hoja tatu. Kwanza, vitenzi hivi havijakosa lolote. Anayekosa ni yule anayeviangalia bila kuvisikiliza. Pili, utetezi uliozoeleka wa vitenzi hivi, kwamba herufi hubadilika ili sauti isibadilike, ni kweli kwa sehemu kubwa lakini si kweli yote. Kuna kundi moja linaloupasua. Tatu, tukishalijua kundi hilo ndipo tunaweza kupima sawasawa mwito maarufu wa Gabriel García Márquez wa mwaka 1997 kwamba tahajia ipelekwe ikastaafu.

Kuna mwenzangu atakayeuliza: haya yanatuhusu nini sisi watu wa fasihi? Si kazi ya wanaisimu hii? Naomba asubiri. Swali la kama lugha inaishi sikioni au jichoni ndilo lile lile tunalogombania kila mwaka katika semina za fasihi simulizi na fasihi andishi. Hapa tunalipata likiwa dogo, limewekwa ndani ya herufi moja, nasi tunaweza kulipima vizuri.

Tuanzie nyumbani

Sisi tuna bahati. Ukitaka kuunda hali hii (nitaiita hali tegemezi, kwa kuwa mara nyingi huegemea kitenzi kingine: nataka alipe, mwambie aende) unaondoa -a ya mwisho na kuweka -e. Weka inakuwa aweke. Piga inakuwa apige. Cheza inakuwa acheze. K inabaki k, g inabaki g, z inabaki z. Vitenzi vya asili ya Kiarabu kama jibu, rudi na samehe havibadili hata irabu: ajibu, arudi, asamehe. Kwa hiyo nasi tuna makundi, ila makundi hayo hayagusi herufi za mzizi.

Kihispania kinafanya jambo linalofanana sana. Vitenzi vyake ni vya aina tatu: vinavyoishia -ar, -er na -ir. Katika hali tegemezi ya wakati uliopo, vile vya -ar vinachukua e, na vile vya -er na -ir vinachukua a. Ni kama watu waliobadilishana kofia. Hablar (sema) inatoa hable. Comer (kula) inatoa coma. Vivir (ishi) inatoa viva. Hadi hapo hakuna taabu. Mswahili anayefika kwenye hable anajiona yuko kwao kabisa: -a imekuwa -e, kama alivyozoea.

Taabu inaanza pale herufi ya mwisho ya mzizi inapokuwa c, g au z. Herufi c mbele ya a, o, u hutamkwa k. Mbele ya e na i hutamkwa s katika Amerika yote ya Kihispania, visiwa vya Canarias na sehemu kubwa ya Andalucía, na hutamkwa th ya thelathini kwa watu wa Madrid na wa kaskazini. Herufi g mbele ya a, o, u ni g yetu ya gari. Mbele ya e na i ni sauti nzito ya kooni inayokaribia kh. Tabia hii ni urithi. Katika Kilatini cha kale c na g zilikuwa ngumu kila mahali. Baadaye, mbele ya e na i, zikalainika, nazo herufi zikabaki zile zile. Herufi moja ikawa na sauti mbili.

Sasa weka mambo mawili pamoja. Mnyumbuliko wa kitenzi unabadilisha irabu ya kiishio: a inakuwa e, au e inakuwa a. Tahajia nayo inasema sauti ya c na g hutegemea irabu inayofuata. Lazima vitu hivyo vigongane. Ukiandika sacar katika hali tegemezi bila kubadili kitu unapata «sace», na msomaji atatamka sase. Ukiandika «page» atatamka pakhe. Mwandishi akitaka msomaji aisikie k ile ile na g ile ile, hana budi kutafuta vazi jingine: saque, pague. Hiyo u haitamkwi. Imekaa pale kama mlinzi wa g asiingiliwe na e.

Washtakiwa mmoja mmoja

Tuwataje kwa makundi, maana orodha hii si ndefu kama inavyotishwa watu.

Vya -car vinachukua qu: buscar (tafuta) busque, tocar (gusa) toque, explicar (eleza) explique. Vya -gar vinachukua gu: llegar (fika) llegue, rogar (sihi) ruegue, jugar (cheza) juegue. Vya -guar, ambavyo u yake hutamkwa kweli, huwekewa nukta mbili juu ya u ili isinyamaze: averiguar (chunguza) averigüe. Vya -zar vinachukua c: cruzar (vuka) cruce, rezar (sali) rece, abrazar (kumbatia) abrace.

Upande wa pili mambo yanageuka, kwa kuwa kiishio ni a. Vya -ger na -gir vinachukua j: escoger (chagua) escoja, proteger (linda) proteja, dirigir (ongoza) dirija. Vya -guir vinamwachisha kazi yule mlinzi, maana mbele ya a hana kazi: distinguir (tofautisha) distinga, seguir (fuata) siga. Vya -cer na -cir vilivyotanguliwa na konsonanti vinachukua z: vencer venza, ejercer (tekeleza) ejerza, zurcir (shona palipotoboka) zurza. Na kuna -quir, ambayo katika matumizi ya leo karibu imebaki na delinquir (tenda kosa) peke yake: delinca. Yaani hata kitenzi cha kutenda kosa hakijatenda kosa!

Watetezi wa orodha za kukariri wanasema: lakini empezar inatoa empiece, e ya ndani imekuwa ie. Je, huo si ukorofi? Naam, huo ni ukorofi, lakini ni ugonjwa mwingine, na dawa yake ni nyingine. Angalia umbo la «sisi»: empecemos, wala si empiecemos. Katika nafsi hiyo mkazo umehama kutoka kwenye mzizi, basi ie imerudi kuwa e. Lakini c imebaki c. Jugar vilevile: juegue, lakini juguemos, ue imeondoka, gu imekaa. Kwa nini? Kwa sababu badiliko la irabu linamtii mkazo, na badiliko la herufi linaitii irabu inayofuata. Na irabu hiyo ni e katika nafsi zote sita, saque, saques, saque, saquemos, saquéis, saquen. Ushahidi ndio huo. Vitu viwili vinavyotengana mara hali inapobadilika haviwezi kuwa kitu kimoja. Kitabu kinachoviweka katika orodha moja kinamnyima mwanafunzi nafasi ya kuona kwamba kimoja ni tukio la mdomoni na kingine ni tukio la kalamu.

Mchanganyiko mbaya zaidi ni wa venza na conozca. Conocer (jua, fahamu) inatoa conozca, na vitabu huiweka jirani na venza kwa kuwa zote mbili ni za -cer na zote mbili zina z. Hebu zitamke. Katika vence na venza konsonanti ni ile ile. Katika conoce na conozca imeongezeka k ambayo haikuwepo. Conozca imebadilika kweli. Mtu kipofu ambaye hajawahi kuona herufi hata moja ataisikia. Venza haijabadilika, mtu huyo huyo hataona ajabu yoyote. Kuwaweka chumba kimoja ni sawa na kumfunga shahidi pamoja na mwizi kwa kuwa wamevaa shati la rangi moja.

Rufaa ya Andrés Bello

Haya ninayosema si uvumbuzi wangu. Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas mwaka 1781, aliyeishi London kuanzia 1810 hadi 1829 na baadaye akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chile, alichapisha mwaka 1847 sarufi ya Kihispania aliyoikusudia kwa matumizi ya Waamerika. Humo anashikilia kwamba ukitaka kuamua kama kitenzi kinafuata kanuni usitazame herufi, sikiliza sauti. Maana watu hunyumbua vitenzi kwa sikio na si kwa macho, na herufi zinazobadilishwa ili kulinda sauti haziwezi kuitwa ukorofi. Zaidi ya miaka 175 imepita, na bado tunazo orodha za kukariri. Sijui tuseme nini.

Bello hakuishia kuvitetea vitenzi. Alitaka kuivunja mahakama yenyewe. Mwaka 1823, akiwa London pamoja na Juan García del Río, alipendekeza tahajia ya Amerika irahisishwe kwa awamu. Sauti ya kh iandikwe j popote ilipo. Ile ya c laini iandikwe z popote ilipo. Q isidai u isiyotamkwa. Na katika awamu ya pili q ichukue nafasi ya c ngumu, na g nayo iachane na u yake bubu. Sasa fanya zoezi dogo. Chukua kila mshtakiwa wetu umwandike kwa kanuni hizo. Sacar ni saqar, hali tegemezi saqe. Pagar ni pagar, page. Empezar, empieze. Qojer, qoja. Venzer, venza. Distingir, distinga. Sura nzima ya kitabu cha sarufi imetoweka! Hakuna aliyebadilisha hata sauti moja ya Kihispania, wala mnyumbuliko mmoja. Ikiwa ugonjwa unapona kwa kubadili kalamu tu, basi mgonjwa hakuwa kitenzi.

Na si nadharia tupu. Domingo Faustino Sarmiento, ambaye baadaye alikuwa rais wa Argentina kuanzia 1868 hadi 1874, alipeleka pendekezo kali zaidi katika Chuo Kikuu cha Chile mwaka 1843. Mwaka 1844 chuo kikakubali sehemu tu ya mageuzi, zaidi kwa mkondo wa Bello kuliko wa Sarmiento, pamoja na ile ya kuandika j badala ya g laini. Tahajia hiyo ya Chile ilidumu hadi 1927, serikali iliporudi kwenye tahajia ya Madrid. Kwa hiyo kwa miaka 83 kundi la -ger na -gir lilikuwa limeachiwa huru huko: escojer, escoja, dirijir, dirija. Katika fasihi, mshairi Juan Ramón Jiménez wa Hispania, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1956, alishika j hiyo hiyo kwa ukaidi. Hata jalada la mkusanyo wake wa mwaka 1922 linasomeka Segunda antolojía poética, na j yake inaonekana pale pale.

Kundi linalopasua utetezi

Sasa nifike penye ugumu, maana mhakiki asiyejitafutia ugumu anahubiri tu.

Wengi wanaovitetea vitenzi hivi husema: herufi hubadilika ili sauti isibadilike. Ni kweli kwa saque: «sace» ingesikika vibaya. Ni kweli kwa pague, kwa averigüe, kwa coja (maana «coga» ingekuwa na g ngumu), kwa venza (maana «venca» ingetamkwa venka), kwa distinga, ambayo ikibaki na u ingetamkwa distingwa. Lakini cruce? Hebu andika «cruze». Itasomekaje? Vilevile kabisa. Herufi z ina sauti moja tu katika Kihispania, mbele ya irabu yoyote. Hakuna sauti iliyokuwa hatarini. Hapa herufi imebadilika bila sikio kuomba chochote. Sheria inayofanya kazi ni ya jicho tupu: z haipendezi mbele ya e na i, isipokuwa katika maneno machache kama zeta, zigzag na Nueva Zelanda.

Mtu anaweza kujitetea akisema Kihispania hakitaki herufi mbili kwa sauti moja mahali pamoja. Si kweli. Trabajar (fanya kazi) inatoa trabaje, kwa j, ingawa g mbele ya e ingetoa sauti ile ile. Dejar (acha) inatoa deje. Hakuna anayedai «trabage» wala «dege». Basi j inaruhusiwa kubaki mbele ya e, lakini z inafukuzwa. Kwa nini ndugu wawili wa hali moja wahukumiwe tofauti?

Jibu liko katika historia. Zamani Kihispania kilikuwa na herufi ç, c yenye mkia, iliyowakilisha sauti tofauti na ile ya z. Watu waliandika alçar (inua) na hali tegemezi alce. Empeçar na empiece. Mbele ya e mkia haukuhitajika. Sauti hizo mbili baadaye ziliungana, na mwaka 1726 Chuo cha Lugha cha Madrid, kilichoundwa mwaka 1713, kilipoanza kutoa kamusi yake kubwa, kiliiondoa ç. Mahali pake mbele ya a, o, u ikawekwa z, na mbele ya e na i ikaachwa c. Maana yake nini? Maana yake c ya alce na ya empiece haikuja kuchukua nafasi ya z. Yenyewe ndiyo mwenyeji. Aliyebadili nguo ni alzar! Sisi tunaoanza na kitenzi-jina kama kinavyoorodheshwa kamusini tunaona hali tegemezi ndiyo iliyopotoka, kumbe tumeanza kuhesabu kutoka mwisho.

Kwa hiyo kanuni ya Bello haitoshi peke yake. Ni kweli tunanyumbua kwa sikio, ila tunaandika pia kwa kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ina makovu. Badiliko la c na z ni kovu la ç. Toleo kubwa la kanuni za tahajia la mwaka 2010, lililotolewa kwa pamoja na vyuo vya lugha vya nchi zinazosema Kihispania, liliacha kovu hilo lilipo.

García Márquez na swali la sikio la nani

Aprili 1997, katika mji wa Zacatecas huko Mexico, García Márquez alisimama mbele ya mkutano wa kwanza wa kimataifa wa lugha ya Kihispania akasema tahajia, inayomtesa binadamu tangu utotoni, istaafishwe: h za kale zizikwe, g na j ziwekeane mpaka, alama za mkazo zitumiwe kwa busara zaidi. Wanasarufi walikasirika, magazeti yakafurahi. Wapo waliomwona mtu mkubwa anayefanya mzaha.

Mimi naona alikuwa na haki nusu. Mpaka wa g na j ukiwekwa kama alivyotaka, coger na dirigir wanaachiwa siku hiyo hiyo, kama walivyoachiwa Chile, na hakuna anayepoteza kitu. Kovu la ç nalo likifutwa, «cruze» haimdhuru mtu. Lakini ukisema tahajia yote istaafu, kila mtu aandike anavyosikia, ndipo ninapouliza: sikio la nani?

Chukua cruce na use (usar, tumia). Mshairi wa Lima akivitumia kama vina, vina vyake ni kamili, maana kwake vyote viwili vinaishia -use. Mshairi wa Madrid akivitamka, kimoja kinaishia kwa th na kingine kwa s. Vina vimevunjika, zimebaki irabu tu zinazofanana. Sisi tuliolelewa na vina na mizani tunajua hilo si jambo dogo. Kila mmoja akiandika anavyosikia, wa Lima ataandika cruse na wa Madrid cruze, na kitabu kimoja kitahitaji tahajia mbili. Bello mwenyewe, Mwamerika, alichagua z. Aliamua kuandika tofauti ambayo Waamerika wenzake hawaisemi, ili kurasa za pande mbili za bahari ziendelee kusomeka. Mtetezi mkuu wa sikio, ilipofika hapo, alilitii jicho.

Nasi hatuko mbali na kesi hii. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa kusimamia tahajia, sikio moja lilichaguliwa. Tunajisifu kwamba sisi tunaandika kama tunavyosema. Wewe nani? Msemaji wa Kimvita anatofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi inayotoka na p. Katika maandishi sanifu yote mawili ni paa, na pumzi yake haina herufi. Tusijivune mno mbele ya Wahispania. Tahajia yetu ni nyepesi kwa sababu ni changa, na kwa sababu baadhi yetu hatukuulizwa.

Hali tegemezi ikiwa kazini

Nisiache neno hili bila kuonyesha hasara inayopatikana katika usomaji. Riwaya fupi ya García Márquez ya mwaka 1961, El coronel no tiene quien le escriba, inabeba hali tegemezi katika jina lake: escriba, kutoka escribir, andika. Kitenzi hakiko katika hali ya kuarifu kwa kuwa huyo mwandikaji hayupo. Ni mtu anayetamaniwa tu. Kanali amesubiri miaka kumi na mitano barua ya pensheni yake, kila Ijumaa anashuka bandarini kuingoja boti ya posta. Jina la tafsiri ya Kiingereza linaarifu tu kwamba hakuna anayemwandikia. Kiswahili kinaweza kusema Kanali hana wa kumwandikia, nasi tukakaribia zaidi, maana «wa kumwandikia» ni mahali palipo wazi pasipo na mtu. Lakini anachongoja kanali kwa kweli ni malipo. Ukitaka kusema hana wa kumlipa, kitenzi ni pagar, na utaandika quien le pague. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba pague ni umbo korofi atasimama hapo kuishangaa u. Aliyefundishwa kwamba ni sauti ile ile ya pagar atapita moja kwa moja hadi kwenye njaa ya kanali.

Na pague ina wasikilizaji wengi kuliko wasomaji. Maskini anayesaidiwa njiani husema Dios se lo pague, Mungu akulipe. Tazama: Kihispania pague, Kiswahili akulipe, hali tegemezi zote mbili, e mbili mwishoni. Mtu huyo huenda hajui kuandika jina lake, na hajawahi kukosea hali tegemezi hata siku moja. Vilevile neno ojalá, laiti, linalovuta hali tegemezi nyuma yake (ojalá llegue, laiti afike), lilitoka katika Kiarabu cha Andalucía kwa maana ya Mungu akipenda. Ni jamaa wa inshallah yetu. Maneno ya dua na shukrani yaliishi midomoni karne nyingi kabla Chuo cha Madrid hakijafungua mlango wake.

Hitimisho

Ninapendekeza nini? Neno «korofi» liondolewe juu ya vitenzi hivi katika vitabu na vyumba vya mihadhara, libaki kwa conozca na wenzake wanaostahili. Pia naomba walimu wetu, wanaposahihisha kazi za Kihispania, watenge makosa mawili ambayo leo hukatwa alama sawa. Aliyeandika «sace» au «coga» amekosa sauti. Akisoma kwa sauti, Mhispania hatamwelewa. Aliyeandika «empieze» au hata «sake» ameandika sauti sahihi kwa herufi ambayo desturi haikubali. Huyu wa pili lugha anayo. Anachokosa ni historia ya herufi moja iliyokatwa mkia. Asahihishwe, sikatai, maana desturi ndiyo inayowaunganisha Lima na Madrid katika ukurasa mmoja. Lakini asiambiwe hajui kitenzi.

Tukishindwa kutofautisha hayo mawili katika lugha ya wenzetu, tutashindwa pia katika yetu, pale tunapokutana na mswada wa mshairi wa Lamu au Mombasa na kuona makosa ya tahajia mahali ambapo yeye ameweka sauti.